Kapteni Barros Basto: Mreno Aliyevuliwa Cheo kwa Ajili ya Jando

Mtu wa Mombasa hana haja ya kufundishwa Mreno ni nani. Kila atokapo Ndia Kuu huliona lile jengo lake limesimama juu ya bahari. Babu zetu waliuonja moto wake mwaka 1505 mji ulipochomwa, kisha wakakaa chini ya mizinga ya ngome yake, iliyoanza kujengwa 1593, hadi Waarabu wa Omani walipoitwaa mwaka 1698. Hayo tunayajua na watoto wetu wanayasoma shuleni.

Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba mfalme yule yule aliyemtuma Vasco da Gama kuja huku, Mfalme Manuel wa Kwanza, alianza kuwaonyesha makali watu wa nyumbani kwake kabla hajatufikia sisi. Na ni wachache zaidi waliopata kusikia habari za afisa mmoja wa jeshi la Ureno, aliyezaliwa karibu miaka mia nne baada ya makali hayo, akagundua kwamba damu iliyokuwa ikipita katika mishipa yake ilikuwa ya wale waliokatwa, si ya waliokata.

Huyo ni Kapteni Artur Carlos de Barros Basto. Wengine wamemwita Dreyfus wa Ureno. Kisa chake kinafaa kusomwa na kila mtu ambaye amewahi kumwuliza nyanya yake sababu ya jambo fulani linalofanywa nyumbani, akajibiwa tu kwamba ndivyo walivyofanya wazee.

AMRI YA MFALME

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Mayahudi wote waliokataa kubatizwa. Wengi walivuka bahari wakaenda Moroko na nchi za Sultani wa Uturuki, na huko wakapokewa. Maelfu wengine walivuka mpaka tu wakaingia Ureno, wakidhani wamepata kivuli.

Kivuli hicho hakikudumu. Mfalme Manuel alitaka kumwoa binti wa wafalme wa Hispania, na sharti la wakwe zake lilikuwa kwamba asibakishe Mayahudi katika nchi yake. Disemba 1496 alitoa amri kwamba Mayahudi na Waislamu wote watoke Ureno. Basi msomaji ajue ya kuwa amri hiyo ilitupitia hata sisi, kwa kuwa ndiyo iliyofunga misikiti ya nchi ile.

Ila kwa upande wa Mayahudi, mfalme aligeuza shauri. Walikuwa matabibu wake, wafanyabiashara wake, mafundi na wajuzi wa nyota na hesabu za baharini, na hakutaka kupoteza faida yao. Alichokitaka ni dini yao tu iondoke, wao wenyewe wabaki. Kwa hivyo mwaka 1497 watoto walipokonywa mikononi mwa wazazi wao wakabatizwa kwa nguvu, na wazee waliokusanyika Lisbon wakingoja merikebu walijikuta wamemwagiwa maji ya ubatizo bila ya kuulizwa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Vasco da Gama alitweka tanga, na Aprili 1498 alikuwa mbele ya bandari ya Mombasa.

Watu hawa waliobatizwa kwa nguvu waliitwa Wakristo Wapya. Mitaani walipachikwa jina jingine, Marrano, ambalo asili yake ni tusi lenye maana ya nguruwe. Mwaka 1506 watu wa Lisbon waliwaangukia wakawaua kwa mamia na mamia katika siku chache. Mwaka 1536 ikasimamishwa Mahakama ya Dini, kazi yake kuwasaka waliokuwa Wakristo kwa nje na Mayahudi kwa ndani. Mahakama hiyo ilidumu hadi mwaka 1821, yaani karibu miaka mia tatu.

DINI YA CHINI YA CHUNGU

Hapo ndipo penye ajabu ya kisa hiki. Mahakama hiyo haikuwa ikitafuta vitabu, kwa kuwa vitabu vilikwisha kuchomwa. Ilikuwa ikitafuta mila. Majirani na watumishi waliamrishwa kupeleka habari. Nani hali nguruwe? Nani anaiosha nyama mpaka itoke damu yote? Nani anabadili shuka na kuvaa nguo safi ijapokuwa si Jumapili? Nani anafunga mchana kutwa hadi nyota zitokeze? Nani anamwosha maiti wake na kumvisha sanda mpya?

Msomaji ajitazame. Mambo haya kwetu sisi ni ya kila siku, na hatufikiri kwamba mtu angeweza kutiwa gerezani kwa sababu ya kumwosha mamake aliyekufa. Na hakika Waislamu waliobatizwa kwa nguvu huko Hispania walisakwa kwa alama zizo hizo: kuoga, kutia hina, kufunga mwezi wa Ramadhani, kukataa nguruwe na pombe.

Pwani yetu inacho kisa cha namna hii. Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa mtoto baada ya babake kuuawa, akalelewa Goa na mapadri, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa mwaka 1626 atawale kwa niaba ya Mreno. Inasimuliwa kuwa kilichomfichua ni kuonekana usiku kaburini kwa babake akimwombea kwa taratibu za Kiislamu. Alipojua kwamba siri imetoka hakungoja. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni wa Kireno, akarudi katika dini ya baba zake waziwazi. Dini ilikaa miaka mingi ndani ya kifua chake pasina kitabu wala mwalimu, na iliyoitoa nje ni mila ya kumzuru mzazi.

Yusuf alikuwa na bunduki na watu. Wakristo Wapya wa Ureno hawakuwa na kitu ila majumba yao. Kwa hivyo waliificha dini yao mahali ambapo mpelelezi hafiki kwa wepesi, nayo ni jikoni, kwa wanawake.

Ijumaa jioni mama alimimina mafuta ya zeituni katika taa ndogo, akawasha utambi wa kitani, akaifunika ndani ya chungu au kabati ili mwangaza usionekane barabarani. Pasaka ya Kiyahudi ilipokaribia walioka mkate usiotiwa hamira, tena waliichelewesha sikukuu yenyewe siku kadhaa, kwa kuwa wapelelezi walikuwa wakihesabu tarehe. Siku Kuu ya Toba waliifunga vilevile kwa kujificha. Walifunga pia kwa kumkumbuka Malkia Esta, yule wa katika Biblia aliyekaa katika jumba la mfalme wa Uajemi akiificha asili yake. Si ajabu walimpenda kuliko wote, kwani walimwona mwenzao.

Husimuliwa pia kwamba soseji za kuku na mkate za sehemu za kaskazini, ziitwazo alheira, zilibuniwa na watu hao ili nao wawe na kitu cha kutundika juu ya moshi kama majirani zao waliotundika soseji za nguruwe. Leo Mreno yeyote hula alheira, na wengi wazilao hawafikirii asili yake.

Baada ya vizazi kumi na zaidi, mengi yalipotea. Kiebrania kilikufa. Taurati hawakuwahi kuiona. Dua zilibaki kwa Kireno, akina bibi wakiwafundisha wajukuu kwa moyo, maana karatasi ilikuwa shahidi. Kanisani waliingia, wakabatizwa, wakaozeshwa, wakazikwa, na walipovuka kizingiti cha mlango walinong'ona maneno ya kukana yale wanayokwenda kuyafanya. Na jambo moja waliliacha kabisa, nalo ni jando. Taa unaweza kuifunika na saumu unaweza kuificha, lakini mwili wa mwanamume hauwezi kusema uongo mbele ya mpelelezi.

Kumbuka jambo hilo, kwa kuwa ndilo litakalorudi baadaye.

SIRI YA BABU

Artur Carlos de Barros Basto alizaliwa tarehe 18 Disemba 1887 katika mji wa Amarante, kaskazini ya Ureno. Alibatizwa na kulelewa Kikatoliki kama watoto wote wa mji ule. Wakati huo Mahakama ya Dini ilikuwa imevunjwa zamani, na sheria iliyowabagua Wakristo Wapya na Wakristo wa asili ilifutwa tangu 1773. Lakini hofu haifutwi kwa sheria. Ukoo wake ulikuwa umejifunza kunyamaza, na kunyamaza nako kulikuwa kumekuwa mila.

Aliyevunja kimya ni babu yake. Yasimuliwa kwamba mzee huyo alipokuwa karibu kuiaga dunia alimweleza mjukuu wake kwamba asili yao ni Mayahudi. Mtoto alikuwa mdogo, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza zaidi. Alilichukua neno hilo kama mtu aliyepewa ufunguo bila ya kuonyeshwa mlango.

Mlango aliuona mwaka 1904, alipopata habari kwamba mjini Lisbon limefunguliwa sinagogi jipya. Kumbe Mayahudi bado wapo Ureno, tena wanasali hadharani! Hao walikuwa ni familia zilizorudi kutoka Moroko na Gibraltar baada ya Mahakama kuvunjwa, watu ambao dini yao haikukatika. Kijana Artur alipokwenda Lisbon kwa masomo aliwaendea, akabisha hodi, akataka kuingia.

Hawakumfungulia. Jumuiya ile ilikuwa ndogo, ikiishi kwa hadhari katikati ya nchi ya Kikatoliki, na haikutaka isemwe kwamba inawavuta Wakristo. Mtu mwingine angerudi nyumbani akasahau. Yeye alianza kujifundisha Kiebrania.

Kazi yake ilikuwa jeshi, na katika kazi hiyo alisifika. Alikuwa miongoni mwa walioupenda mfumo wa jamhuri, na Oktoba 1910 ufalme ulipoangushwa ndiye anayetajwa kuwa alipandisha bendera ya Jamhuri katika jiji la Porto. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, alipelekwa Flanders pamoja na kikosi cha Ureno, akapigana katika mahandaki yale ya matope na gesi, akarudi na nishani za ushujaa.

TANGIER

Alipotoka vitani alibisha hodi Lisbon mara nyingine, akakataliwa mara nyingine. Basi akaamua kuitafuta dini ya babu zake mahali ilipokimbilia.

Disemba 1920 alivuka mlango wa bahari akaenda Tangier, nchini Moroko. Huko walikuwapo Mayahudi ambao wazee wao walitoka Hispania na Ureno, wakakaa karne nne katika nchi ya Kiislamu wakisoma Taurati yao bila ya kuifunika kwa chungu. Marabi wa Tangier walimsaili, wakaridhika naye. Kisha akatahiriwa, mtu mzima wa miaka 33 hivi, afisa mwenye nishani za vita.

Kwetu sisi jando ni jambo la utotoni, na mtu mzima akilikumbuka hucheka. Kwake yeye lilikuwa kurudisha kile hasa ambacho babu zake walilazimika kukiacha ili wasalimike. Alipewa jina la Abraham Israel Ben-Rosh. Mwaka uliofuata alimwoa Lea Azancot, binti wa familia ya Kiyahudi ya Lisbon, mji ule ule uliomkataa.

KUWATAFUTA WENZIWE

Walihamia Porto. Katika jiji zima alikuta Mayahudi wasiofika hata ishirini, wengi wao wafanyabiashara waliotoka Ulaya ya Mashariki, hawana mahali pa kusalia. Mwaka 1923 aliwakusanya, akaandikisha jumuiya yao serikalini.

Lakini moyo wake ulikuwa vijijini. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1917, mhandisi wa migodi aitwaye Samuel Schwarz, Myahudi kutoka Poland, alifika katika mji mdogo wa Belmonte, akaambiwa na mfanyabiashara mmoja asinunue vitu kwa fulani kwa kuwa ni Myahudi. Akashangaa, akamtafuta huyo fulani. Watu wa Belmonte hawakumsadiki. Kwao wao hapakuwa na Mayahudi wengine duniani, tena mgeni huyu hakuzijua dua zao za Kireno. Hatimaye bibi mmoja mzee alimtaka asome dua kwa lugha anayodai kuwa ni ya Mayahudi. Schwarz akasoma shahada ya dini yao kwa Kiebrania. Alipolitaja jina la Mungu, Adonai, bibi alifunika macho kwa viganja vyake, akawageukia wenziwe akawathibitishia kuwa mtu huyu ni wao, kwa sababu analijua Jina. Katika lugha nzima ya Nabii Musa, kwa miaka mia nne, ni neno hilo moja tu lililokuwa limesalia kinywani mwao. Schwarz alitoa kitabu kuhusu mambo hayo mwaka 1925.

Barros Basto hakutaka habari hizi ziishie kitabuni. Alikwenda mwenyewe katika milima ya Trás-os-Montes na Beira, akiingia kijiji baada ya kijiji, mara nyingi na sare yake ya kijeshi. Sare hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mkulima aliyerithi hofu tangu kwa babu wa babu yake alimwona afisa wa serikali amesimama mlangoni, akidhani amekuja kumkamata, kumbe amekuja kumwambia kwamba yeye naye ni mmoja wao, na kwamba taa ile sasa inaweza kutolewa chunguni.

Wengine walilia. Wengine walikana, wakafunga milango. Wengine walimsikiliza lakini hawakuelewa anawataka nini, kwa sababu siri kwao ilikuwa imekuwa sehemu ya dini yenyewe, na dini isiyofichwa waliiona kama si dini. Ilimbidi awaeleze watu kwa nini wao hufanya wanayoyafanya: kwa nini mama hafagii takataka kuzitupa nje kupitia mlangoni, kwa nini nyama hutiwa chumvi na kukamuliwa damu, kwa nini hawaoani ila wao kwa wao. Mila walikuwa nayo. Kilichokosekana ni elimu ya mila, na mila isiyo na elimu hukaa kama mti uliokatwa shina: mizizi ingali hai, lakini hakuna ajuaye ni mti gani.

Mwaka 1927 alianzisha gazeti, Ha-Lapid, yaani Mwenge, lililotoka hadi 1958. Mwaka 1929 alifungua chuo cha dini mjini Porto, vijana wa vijijini wakaja kujifunza Kiebrania, sala na historia yao. Vijumuiya vidogo vilianzishwa Bragança, Covilhã na kwingineko. Mwanahistoria wa Kiingereza Cecil Roth alimzuru, akaeneza sifa zake nchi za nje, na kamati iliundwa London kumsaidia.

Mwaka huo huo wa 1929 liliwekwa jiwe la msingi la sinagogi kubwa la Porto. Fedha zilikuwa kidogo, kazi ikasimama, kisha msaada ukatoka mbali. Sir Elly Kadoorie alikuwa tajiri wa Shanghai, mzaliwa wa Baghdad, mtu wa biashara za Bombay na Hong Kong, kama wale matajiri wa bahari yetu hii ambao jina moja hulikuta katika bandari tano. Mkewe Laura, aliyefariki mwaka 1919, alikuwa wa ukoo wa Mocatta, ukoo uliotimuliwa kutoka nchi zile zile za Hispania na Ureno. Kwa kumkumbuka mkewe, Kadoorie na wanawe walitoa fedha za kulimaliza jengo. Sinagogi la Kadoorie lilifunguliwa Januari 1938, na mwaka huo huo huko Ujerumani masinagogi yalikuwa yakichomwa moto.

Siku ya ufunguzi ilipaswa kuwa siku ya furaha kuu kwa Barros Basto. Lakini alipoingia humo hakuwa tena afisa wa jeshi.

BARUA ISIYO NA JINA

Mwenye kuinua kitu hupata wa kukivuta chini. Katikati ya miaka ya 1930 Ureno ilikuwa chini ya utawala wa kiimla wa Salazar, na serikali na Kanisa vilikuwa chanda na pete. Kwa wakubwa wengi, afisa wa jeshi anayezunguka vijijini akiwarudisha Wakatoliki katika Uyahudi alikuwa mwiba machoni. Ndani ya jumuiya yake nako kulikuwa na magomvi na husuda, kama zilivyo jumuiya zote ndogo. Hapo ikaandikwa barua isiyo na jina, ikimsingizia kwamba amewatendea wanafunzi wake mambo machafu.

Mashtaka yale yaliangaliwa, ushahidi haukupatikana. Kwa haki, mambo yangeishia hapo. Lakini Baraza la Nidhamu la Jeshi halikumwachia. Juni 1937 lilitoa hukumu yake. Tuhuma zile chafu halikuzithibitisha. Ila lilimkuta na kosa jingine: kwamba alihusika katika kuwatahiri wanafunzi wa chuo chake kufuatana na ibada ya dini yake, na kwamba alikuwa akiwasalimu kwa mapenzi ya kupita kiasi. Salamu hizo zilikuwa za kubusiana, desturi aliyoiona kwa Mayahudi wa Moroko. Kwa hayo, baraza likaona hana tena maadili yanayostahili heshima ya cheo chake. Akafukuzwa jeshini.

Msomaji na asome tena. Mtu aliyepigana Flanders, aliyepandisha bendera ya nchi yake, alivuliwa sare yake kwa sababu ya jando na salamu. Yale mambo mawili yaliyowekwa kuwa ushahidi dhidi yake ni mila, kama vile Mahakama ya Dini ilivyokuwa ikitumia shuka safi na sanda kuwa ushahidi. Mahakama ilikwisha kufa zaidi ya miaka mia moja, lakini macho yake yalikuwa yangali yanatazama.

Pigo hilo halikumpiga yeye peke yake. Wale watu wa milimani waliokuwa wameanza kutoa taa zao nje waliona ni nini kilichompata aliyewaambia wasiogope. Wakazirudisha chunguni. Chuo kikafungwa, vijumuiya vikasinyaa, na jengo lile zuri la Porto likabaki kubwa kuliko waumini wake. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili lilikuwa kimbilio la Mayahudi waliokuwa wakikimbia mauaji ya Hitler na kupitia Ureno, na Barros Basto na wenziwe waliwasaidia. Gazeti lake aliendelea kulitoa, akiandika karibu peke yake, mpaka nguvu zilipokwisha.

Alifariki Porto tarehe 8 Machi 1961, akazikwa Amarante alikozaliwa. Yasemekana kwamba kwa wosia wake alizikwa amevaa ile sare aliyovuliwa.

HAKI ILIYOCHELEWA

Dreyfus wa Ufaransa alisingiziwa mwaka 1894, akasafishwa mwaka 1906, akarudishiwa cheo chake akiwa hai. Barros Basto hakupata bahati hiyo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 yaliyouangusha utawala wa kiimla, mjane wake aliomba asafishwe jina, akakataliwa. Familia haikukoma. Mjukuu wake alipeleka maombi bungeni, na mwaka 2012 Bunge la Ureno, vyama vyote kwa pamoja, likakubali kwamba mtu huyu alitendewa dhuluma kwa sababu ya dini yake, likataka arudishwe jeshini kwa heshima. Ilikuwa miaka 75 tangu hukumu ile, na miaka 51 tangu kufa kwake.

Na wale wa milimani? Watu wa Belmonte, ambao Schwarz aliwakuta wakinong'ona, walikaa katika siri yao miaka mingi zaidi. Ni karibu na mwisho wa karne ya ishirini ndipo walipotoka nje, wakatahiriwa wanaume wazima, wakaletewa rabi, na mwaka 1996 wakafungua sinagogi lao hadharani. Inasemekana wako vikongwe ambao hata baada ya hapo waliendelea kuifunika taa ya Ijumaa. Hawakuweza kusali katika mwanga.

Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Kisa cha Kapteni huyu chatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo. Mfalme Manuel alikuwa na majeshi, merikebu na mapadri, akaweza kuwalowesha watu maji kwa siku moja. Hakuweza kumzuia mama mmoja asiwashe utambi Ijumaa jioni. Dini haitiwi kwa fimbo wala haitolewi kwa fimbo, na aliyejaribu huko Lisbon hakufaulu, kama ambavyo hakufaulu hapa Mombasa.

Lakini na tusijidanganye pia. Mila iliwaponya watu wale isiwapotee asili yao, ila karibu iwapotee maana yake. Wazee walificha sababu ili kuwalinda watoto, na watoto wakarithi kitendo bila ya sababu, hata ikabidi afisa wa jeshi apande milima kuwaeleza wao ni nani. Sisi hatuna mpelelezi mlangoni. Hatuna udhuru wa kumwachia mjukuu kitendo kitupu. Naye mwenye babu hai, au nyanya, asingoje hadi siku ya kuaga dunia ndipo aulize.